Mkanda wa Baba Umepotea Tena

Katika kazi yangu ya kutengeneza kompyuta nina sheria moja ambayo sijawahi kuivunja: mteja atasema uongo kuhusu kila kitu, ila mwamini anapokuambia anachokiona kwenye skrini. Atakuapia kwamba hakumwaga chai kwenye kibodi, na majani ya chai bado yamenasa humo. Atakuambia hakuna mtoto aliyeigusa. Lakini akisema anaona kitu fulani, au hakioni, mshike hapohapo, maana hapo ndipo tatizo linapoanzia. Sheria hii ilinilisha vizuri hadi siku mteja alipokuwa baba yangu mzazi.

"Mkanda wangu haupo," alisema kwenye simu.

Nilikuwa dukani, nimefungua kompyuta ya mtu matumbo nje, bisibisi iko mdomoni. Niliitema. "Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Mkanda haupo."

Baba ni mtunza bohari ya dawa katika hospitali kubwa ya mjini kwetu. Kule wanamwita Mzee Funguo, kwa sababu ya rundo la funguo linaloning'inia kiunoni na kumtangaza kabla hajafika. Dawa zote zinazoingia na kutoka zinapita mikononi mwake. Zamani, alipochoka kuona mafaili yanaliwa na panya, alijifunza mwenyewe kutengeneza programu ya kuhifadhi kumbukumbu za dawa kwenye kompyuta. Si programu nzuri. Rangi zake zinaumiza macho, na ukikosea inakupigia kelele mpaka watu wa chumba cha pili wajue. Lakini ni yake, na ndani yake kitu alichojivunia kuliko vyote ni mkanda.

Mkanda ni ule mstari wa vitufe unaokaa juu kwenye skrini. Vitabuni unaitwa upau wa zana, jina ambalo sijawahi kumsikia mtu mwenye njaa akilitumia. Baba aliuita mkanda kwa sababu fundi, alisema, anavaa zana zake kiunoni asihangaike kuzitafuta. Kila kitufe kilikuwa na picha aliyoichora mwenyewe, doti moja baada ya nyingine. Upande wa kushoto kulikuwa na lori la kupokea mzigo, kitanda cha kutoa dawa wodini, chupa na kopo. Upande wa kulia saa ya dawa zinazokaribia kuisha muda, mizani ya kuhesabia, ufagio wa kufutia na kufuli la kufungia kazi. Lori lilifanana zaidi na kiatu. Wauguzi wote waliliita kiatu, na Baba hakuacha kuwaka kila aliposikia.

Kisha kiharusi kikampiga. Kilimkuta asubuhi anafunga kamba za viatu, akaanguka ubavu, na tulipomfikisha hospitalini kwake mwenyewe, wale wauguzi waliozoea kumtania walimsukuma kwenye kitanda cha magurudumu huku machozi yanawatoka. Hakufa. Ulimi ulirudi, mguu ukarudi kiasi cha kujikongoja, mkono wa kushoto ukabaki mzito. Akili, tulisema, iko palepale. Anajua majina ya dawa zote, anajua nani aliazima kigari cha bohari asikirudishe, na anagombana na Mama kuhusu sauti ya redio kama kawaida. Tulishukuru. Tulikuwa watu wa kushukuru haraka.

Mfamasia mkuu, ambaye ndiye bosi wake, alikuja nyumbani kumjulia hali. Ni mwanamke wa umri wangu, mpole, na alikaa ukingoni mwa kiti kama mtu aliyeleta habari asiyotaka kuitoa. Baba alimsaidia.

"Sema tu, mwanangu. Kiti changu kimepata mtu?"

"Hapana, Mzee, kiti chako kipo. Lakini wakubwa wananibana. Naomba uje Jumatatu ya mwisho wa mwezi, ukae kwenye kompyuta mbele yangu, utoe dawa za wodi kama ulivyokuwa unatoa. Ukiweza, unaendelea na kazi yako. Ikishindikana, Mzee wangu, itabidi nikusainie barua ya kupumzika."

"Nitaweza," Baba alisema, na mgeni alipoondoka alimwambia Mama amtolee shati lake la kazi kabatini alipige pasi, ingawa Jumatatu yenyewe ilikuwa mbali. Nilimwona anavyolitazama lile shati. Baba si mtu wa mpira wala bao wala vijiwe. Mwondolee bohari, utabaki na mzee anayegombana na redio.

Tatizo lilikuwa moja. Alipokuwa amelazwa, kompyuta ya bohari ilikufa, hospitali ikanunua nyingine, na hiyo mpya ilikuja na toleo jipya la programu mama ambayo ya Baba imejengwa juu yake. Mfamasia aliniruhusu nichukue nakala ya majaribio. Nikaweka kompyuta mezani sebuleni kwao, yenye toleo lilelile jipya, ili Baba ajinoe kabla ya siku yake. Na siku ya kwanza tu alipokaa mbele yake ndipo aliponipigia simu dukani.

Safari hiyo ya kwanza alikuwa na haki, na mimi nilijua ugonjwa kabla hajamaliza sentensi. Matoleo mapya hayapendi mikanda iliyotengenezwa na watu. Yanaichukua, yanaitupa nyuma kwenye kichupo cha nyongeza ambacho hakuna mtu anayekifungua, na juu yanaweka utepe wao mpana wenye mapambo. Jioni nilienda, nikaingia kwenye mipangilio ya kuanzia, nikazima vitufe vya kiwandani, nikaiambia programu itumie mkanda wa mwenye nyumba. Ukajitokeza juu, wote, pamoja na lile lori la kiatu.

"Huu hapa," nilisema, nikaweka kidole kwenye lori.

Baba aligeuza kichwa, akautazama, akatabasamu upande mmoja wa mdomo, maana upande wa pili ulikuwa bado haujakubali. "Nilijua hawawezi kuutupa," alisema. Mama akaniongezea chai bila kuulizwa, kitu ambacho nyumbani kwetu ni sawa na nishani. Nilirudi kwangu naimba.

Kesho yake simu ikalia. "Mkanda umepotea tena. Safari hii nusu."

"Nusu vipi, Baba?"

"Nusu ni nusu. Kimebaki kipande."

Nilifuata utaratibu. Kwenye simu huwa simuulizi mteja anafikiri nini, namwambia anisomee kilichopo, kuanzia kushoto kwenda kulia. Baba alinisomea taratibu, kwa ile sauti yake ya kuhesabia maboksi. "Saa. Mizani. Ufagio. Kufuli."

"Kabla ya saa kuna nini?"

"Kabla ya saa hakuna kitu. Kingekuwepo ningekutajia. Mimi si mtoto."

Nikamwamini. Kwa nini nisimwamini? Vitufe vya mwanzo vimejificha, basi, na sababu zake zinajulikana. Pengine skrini imekuzwa maandishi mno, nafasi ikawa haitoshi. Pengine lile faili linalokumbuka mahali mkanda ulipokaa limeharibika. Jioni nilienda na tiba zote kichwani, nikavuta kiti, nikakaa upande wake wa kushoto, nikatazama. Mkanda ulikuwa pale, mzima.

"Baba, mbona vyote vipo? Lori hili, kitanda hiki, chupa, kopo." Nilivigusa kwa kidole kimoja baada ya kingine.

Alifuata kidole. "Haa! Sasa vimekuja. Umefanya nini?"

"Sijafanya kitu."

"Basi vimekuogopa," alisema, na tukacheka wote watatu. Kila fundi anaujua mchezo huo. Mashine inamsumbua mwenyewe mchana kutwa, fundi akitia mguu mlangoni inatulia kama mtoto aliyeona mgeni. Hata hivyo nilipunguza ukubwa wa maandishi, nikafuta lile faili la kumbukumbu za mikao ili lijitengeneze upya, nikaaga. Hitilafu inayojificha ndiyo ninayoichukia kuliko zote, lakini nilijiambia hii nimeshaimaliza.

Haikuisha. Kesho yake nusu, keshokutwa nusu. Nilibadilisha upana wa skrini. Niliiondoa programu mama nikaiweka upya. Nilitengeneza faili jipya tupu, nikahamishia humo kila kitu, nikakumbuka kuweka alama kwenye kile kisanduku cha kuhamisha menyu na mikanda ambacho mafundi wengi wanakisahau halafu wanalia. Nilileta skrini nyingine kutoka dukani, kubwa zaidi, nikidhani ile ya kwanza imekufa upande mmoja. Kila nilipofika jioni mkanda ulikuwa mzima, kila nilipoondoka ulikatika, na kila aliponisomea kwenye simu ulianzia kwenye saa. Dukani nilianza kuwajibu wateja vibaya. Mmoja alinijia na kompyuta isiyowaka, nikamwambia ashukuru Mungu, yake angalau haiwaki siku zote.

Na Jumatatu ilikuwa inakuja. Baba alikuwa ameanza kubadilika. Zile siku za mwanzo alinipigia kwa hasira, na hasira ya Baba ni afya. Sasa alinipigia kwa upole. "Mwanangu, samahani, najua una kazi. Bado haujakaa sawa." Mama aliniambia hali vizuri, kila sahani anaibakiza, na mchana anakaa mbele ya ile kompyuta amenyamaza, mkono wa kulia uko juu ya mausi, anasubiri vitufe vyake vitokee. Nilijisikia vibaya mno. Mimi ndiye mtoto aliyesomea mambo haya, na baba yangu alikuwa anapoteza kazi kwa sababu nimeshindwa kuonyesha picha nne kwenye skrini.

Jumamosi nilifunga duka, nikaenda asubuhi. Niliamua kutofanya lolote. Nilikaa nyuma ya kiti cha Baba, kimya, mikono kifuani, niuone ule mkanda ukikatika kwa macho yangu.

Baba alifungua programu. Mkanda ukatokea juu, wote. Nikasubiri.

"Umeona?" alisema. "Nusu."

"Wapi nusu?"

"Si hapo! Saa, mizani, ufagio, kufuli. Lori liko wapi? Nitapokeaje mzigo bila lori? Kitanda kiko wapi?"

Nilitazama lori. Nilikuwa naliona kama ninavyoona mkono wangu. Yale yaliyotoka kinywani yalikuwa yamekusanyika humo wiki nzima. "Baba, mkanda wote upo. Upo! Ulikuwepo jana na ulikuwepo juzi. Kama unaogopa kurudi kazini, sema tu unaogopa, usinizungushe mimi na mashine!"

Mama alitoka jikoni na kitambaa mkononi. "We! Unaongea na nani hivyo?"

Bega la kulia la Baba lilishuka kidogo, akaendelea kutazama skrini. "Siogopi," alisema polepole. "Nautafuta mkanda wangu. Nimeutengeneza mwenyewe, nitakosaje kuujua?"

Nilitaka ardhi inimeze. Nikavuta kiti, nikakaa, na kwa kuwa sikujua tena la kufanya nilifanya lile ambalo mtu hufanya akiishiwa: nikaushika mkanda kwa mausi, nikauburuta kutoka juu. Labda ule ukingo wa juu ndio wenye matatizo, nilijiambia, ingawa sikuamini. Niliubandika ubavuni mwa skrini, upande wa kulia, ukasimama wima kutoka lori hadi kufuli.

Baba akapiga meza kwa kiganja. "Huo hapo!"

"Unauona?"

"Wote! Lori. Kitanda. Chupa, kopo, saa, mizani, ufagio, kufuli. Mama watoto, njoo uone, fundi wangu ameupata!"

Mama alipiga kigelegele na kitambaa chake mkononi, akanisamehe papo hapo. Baba alinishika shingo kwa ule mkono mzima, akanivuta, akanibusu kichwani, kitu ambacho hajafanya tangu nilipokuwa shule ya msingi. Alikuwa anacheka, na macho yamemjaa. "Jumatatu," alisema, "Jumatatu watanikoma."

Nilicheka nao. Lakini fundi aliye ndani yangu alikuwa amekaa kando, hacheki. Hakuna hitilafu ninayoijua inayokata mkanda ukilala na kuuponya ukisimama. Na nilikuwa nimeuona kwa macho yangu, ukiwa mzima juu, wakati yeye anasema nusu.

"Hebu tujaribu kazi yenyewe," nilisema. "Toa dawa za wodi."

Alikunja mkono wa shati kwa meno, akajiweka sawa. Nilimfungulia ombi la majaribio kutoka wodi ya watoto. Alikigonga kile cha kitanda kwa madaha, fomu ikafunguka, akaanza kusoma kwa sauti kama alivyokuwa akisoma bohari, ili anayetoa boksi rafuni asikie. Alisoma jina la dawa bila kukosea, jina analolijua kwa moyo. Halafu akasoma nguvu ya kidonge. "Miligramu hamsini."

Kwenye skrini palikuwa pameandikwa 250.

"Soma tena, Baba."

"Hamsini. Vidonge vya hamsini viko rafu ya chini, karibu na dirisha. Navijua hivyo."

Mama alikuwa bado amesimama nyuma yetu. Nilimuuliza bila kugeuka. "Mama, chakula anachobakiza, anabakiza vipi?"

"Vipi tena? Anakula upande mmoja, mwingine hagusi. Nilidhani ndiyo deko za ugonjwa. Siku hizi akifika nusu naigeuza sahani, anamaliza."

"Ukiigeuza anamaliza."

"Anamaliza yote. Ndiyo maana nakuambia ni deko."

Hapo nilielewa, na sijui kama nimewahi kuelewa jambo nikatamani kulirudisha lilikotoka. Wiki nzima nilikuwa nimetibu kompyuta iliyokuwa nzima. Baba hakunidanganya hata neno moja. Alinisomea alichokiona, na alichokiona kilianzia katikati. Kushoto kwake hakukuwa na giza wala ukungu, vitu ambavyo mtu angevilalamikia. Kwake upande huo, tangu kiharusi, ulikuwa haupo kabisa, na kitu ambacho hakipo hakimsumbui mtu. Kidole changu tu ndicho kilichokuwa kinamwita huko kila jioni, akageuka, akaona, nami nikajisifu kwamba mashine inaniogopa.

Ningeweza kunyamaza. Nataka niseme wazi kwamba niliwaza kunyamaza. Mkanda ungebaki kulia, Jumatatu angeligonga lori, angekigonga kitanda, mfamasia angetabasamu asiangalie kwa makini kwa sababu naye alitaka Mzee abaki. Baba angerudi na funguo zake. Na wodi ya watoto ingepelekewa vidonge vya rafu ya chini, karibu na dirisha.

"Baba," nilisema, "nipe dakika. Usikasirike."

Niliishika skrini kwa mikono miwili, nikaisukuma mezani kwenda kulia, mbali, hadi ikawa upande wa mkono wake mzima. "Soma sasa."

Aligeuka, akaangalia. "Mia mbili na hamsini," alisema. Akakunja uso. "Umebadilisha?"

"Sijabadilisha." Niliirudisha mbele yake. "Soma."

"Hamsini."

Niliisukuma tena. Alisoma tena, safari hii kwa sauti ndogo. Niliirudisha. Hakusoma. Alitazama palepale mbele yake kwa muda mrefu, kisha kwa mkono wake mwenyewe akaishika skrini, akaivuta kulia, akaitazama, akaisukuma mbele, akaitazama. Alifanya hivyo mara nyingi kuliko nilivyoweza kuvumilia. Ndivyo alivyokuwa akihakiki mizigo. Hakuwahi kumwamini dereva wala karatasi, alihesabu mwenyewe, na alipokuwa na shaka alihesabu upya tangu mwanzo.

"Kwa hiyo si mkanda," alisema mwishoni.

"Si mkanda, Baba."

"Ulikuwepo siku zote."

"Siku zote."

Mama alikuwa anatutazama mmoja mmoja. "Kuna nini? Si umeshatengenezwa? Mbona mmenyamaza?" Akakaa kwenye mkono wa kochi, kitambaa chake mapajani, akaanza kulia kabla hajaambiwa analilia nini.

"Ni dawa ya wodi gani ile?" Baba aliuliza.

"Ya majaribio tu, Baba. Si ya kweli."

"Nimekuuliza wodi gani."

"Ya watoto."

Alitikisa kichwa. Nikamwambia kwamba kuna mazoezi, nimewahi kusikia, watu wanafundishwa kugeuza kichwa, wengine wanapata nafuu, tumuone daktari Jumatatu asubuhi, tumuombe mfamasia atuongezee muda. Niliongea sana. Nilisikia nilivyokuwa naongea, kama ninavyowaambia wateja kwamba labda data zao zitapatikana. Baba aliniacha nimalize. Yeye pia amewahi kuwaambia watu kwamba dawa iko njiani.

"Nipigie mfamasia," alisema.

Nilipiga, nikamwekea simu kwenye sikio la kulia. Alizungumza naye kwa kifupi na kwa adabu, kama mtu anayetoa ripoti ya stoki. Alimwambia Jumatatu haji. Alimwambia macho yanakula tarakimu za mwanzo, na bohari haiwezi kuwa na mtu wa namna hiyo, hata akiwa yeye. Nilisikia sauti ya yule dada upande wa pili ikisema, "Mzee, subiri kwanza, tutaangalia," na Baba akasema, "Hapana, mwanangu. Ningekuwa mimi bosi na wewe ndiye huoni, nisingekuruhusu hata uingie." Halafu akamuuliza kama funguo anazo nani, akaitikia, akasema sawa, akamshukuru kwa mengi asiyoyataja. Nikaiondoa simu sikioni mwake.

Nje, watu walikuwa wanapita na shughuli zao za Jumamosi, mtu mmoja anauza kitu kwa kipaza sauti. Mama alikuwa amejifunika uso kwa kile kitambaa. Nilinyoosha mkono nizime kompyuta, nilitaka kuizima na kuipakia na nisiione tena, lakini Baba alinizuia.

"Usizime. Watamweka mtu mwingine pale. Huo mkanda usiuache ubavuni, atahangaika. Urudishe juu ulipokuwa. Nilipanga lori lianze kwa sababu maalumu, mzigo unaingia kwanza ndipo unatoka."

"Baba, hii ni nakala tu. Ya bohari haijaguswa."

"Urudishe tu."

Nilishika mausi. Niliuburuta mkanda kutoka upande wa kulia, nikaupandisha, nikaulaza juu, ukajibandika mahali pake: lori, kitanda, chupa, kopo, na vingine vyote. Baba alikuwa ameketi wima mbele ya skrini, ameitazama sawasawa, anasubiri.

"Umekaa?" aliniuliza.

"Umekaa, Baba."

"Wote?"

"Wote," nilimwambia, na yeye akaitikia kwa kichwa, huku macho yake yametulia kwenye kitufe cha saa.